Edward Saidi Tingatinga: Mtu Aliye Nyuma ya Picha Tunazorushiana



Katika mitaa ya Kariakoo, kandokando ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo, zipo meza ndogo ambapo kijana mwenye kompyuta humjazia mteja filamu na katuni kwenye flashi au kwenye simu kwa malipo kidogo. Wazazi wengi hupita hapo kuwatafutia watoto wao kitu cha kutazama siku za likizo. Lakini si watoto tu wanaofaidi. Watu wazima nao hutafuta katuni walizozipenda utotoni: paka na panya wasiochoka kufukuzana, au mwana wa simba wa filamu ile ya Marekani ya mwaka 1994, ambaye wengi walimpenda hapa kwetu kwa kuwa jina lake ni la Kiswahili. Jioni vipande hivyo husambaa katika makundi ya WhatsApp ya familia, ya waliosoma pamoja, na hata ya jumuiya ndogondogo za Kikristo. Watu hucheka, hukumbushana, hubishana kuhusu ipi ilikuwa bora.

Miongoni mwa katuni hizo ipo moja ambayo ni ya ukoo wetu. Inaitwa Tinga Tinga Tales. Ilitengenezwa Nairobi na studio ya Homeboyz kwa kushirikiana na kampuni ya Uingereza iitwayo Tiger Aspect, ikaanza kurushwa na televisheni ya watoto ya BBC mwaka 2010. Ina vipindi 52, na kila kimoja husimulia asili ya jambo fulani kwa namna ya hadithi za mababu: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini gamba la kobe lina nyufa. Wanyama wake wana macho makubwa, miili yenye madoa na rangi zinazong'aa. Mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye maduka ya sanaa ya Dar es Salaam au Zanzibar huwatambua mara moja.

Hata hivyo, ukimwuliza kijana wa leo jina hilo limetoka wapi, huenda akakujibu kwamba tingatinga ni trekta, ile mashine inayolima mashamba na kusawazisha barabara. Katika Kiswahili cha kila siku hajakosea. Lakini picha zile hazikupewa jina la mashine. Zilipewa jina la mtu, na mtu huyo aliishi, akafanya kazi na kufa katika jiji hili hili. Alikuwa Edward Saidi Tingatinga. Inafaa tumfahamu, kwanza kwa sababu ya kazi ya mikono yake, na pili kwa sababu ya namna alivyokufa.

Mtoto wa nyumba yenye dini mbili

Edward alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika, eneo ambalo leo ni sehemu ya Jimbo Katoliki la Tunduru-Masasi. Wazazi wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono, wenye kulima chakula cha kula na cha kuuza kidogo. Baba alikuwa Mwislamu, mama alikuwa Mkristo. Majina ya mtoto yalibeba pande zote mbili: Edward upande mmoja, Saidi upande wa pili.

Sisi tunaoishi katika jiji hili hatushangai. Ni familia ngapi za Ilala, Magomeni na Kariakoo ambazo Krismasi na Idi hupikiwa katika jiko moja? Watu wa kusini nao wana desturi ya muda mrefu ya kuishi hivyo, ndugu wa tumbo moja wakisali mahali tofauti na kuzikana pamoja. Tusimdai Edward kuwa wetu peke yetu, wala tusimpe utakatifu ambao Kanisa halijamtangazia. Tunamtazama kama mtoto wa Mungu aliyelelewa na mama Mkristo na baba Mwislamu, akajifunza mapema kwamba mtu wa imani nyingine anaweza kuwa ndiye aliyekuzaa.

Masomo yake hayakupita miaka michache ya shule ya msingi. Kwa kijana wa Tunduru wa zama hizo njia za kupata fedha zilikuwa chache, na mojawapo ilikuwa kwenda mbali. Kama maelfu ya vijana wa kusini, alifunga safari hadi Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kazi ya mkonge ilikuwa ngumu: kukata majani yenye miiba, kuyafunga mafungu na kuyabeba juani, kwa ujira mdogo. Wengi walirudi kwao wakiwa wamechoka kuliko walivyokwenda. Edward hakurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alishuka Dar es Salaam.

Dar es Salaam ya mtafutaji

Jiji alilolikuta lilikuwa bado limegawanywa kwa rangi za ngozi. Wazungu walikaa Oysterbay penye upepo wa bahari. Wahindi walikuwa na maduka na nyumba zao karibu na bandari, jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Waafrika walikuwa ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, yaani Kariakoo, Ilala na Magomeni. Jina lenyewe la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo. Mtaa ulioanza na wabeba mizigo umeendelea hadi leo kuwa mahali pa watu wanaobeba: mikokoteni, marobota, matenga ya nyanya.

Edward alipata kazi ya ndani kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akitunza bustani na nyumba huko Oysterbay. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 mabwana wengi wa aina hiyo walirudi kwao, na watumishi wao wakabaki bila kazi. Basi akawa kama vijana wengi tunaowaona leo wakipita na bidhaa mabegani: akajaribu hiki na kile, akauza mboga na matunda, akapiga muziki. Makazi yake yakawa Msasani, kijiji cha wavuvi kilichopakana na nyumba kubwa za Oysterbay.

Miaka hiyo ya kuhangaika haimo katika picha zake, kwa maana hakuichora. Lakini ndiyo iliyomfundisha jambo moja ambalo kila mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo analijua: ukikosa mtaji, angalia kilicho karibu yako.

Ubao wa dari na rangi ya baiskeli

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, Edward alianza kuchora. Hakuwa amepita chuo chochote cha sanaa. Wakati huo wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao mjini, na wageni walizinunua. Aliona kwamba na yeye anaweza.

Turubai ya wachoraji na rangi za mafuta vilikuwa ghali. Akachukua ubao mwepesi ule unaopigiliwa kwenye dari za nyumba, akaukata vipande vya mraba, kila upande wapata sentimita 60. Akanunua rangi ya kung'aa inayopakwa kwenye baiskeli, ya aina inayouzwa hata leo kwa makopo madogo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Akapaka rangi moja ubao mzima ili iwe mandhari ya nyuma. Ilipokauka akachora juu yake mnyama mmoja mkubwa: chui, tembo, kiboko, ndege mwenye shingo ndefu. Mwili akaujaza kwa rangi bapa, kisha akaweka madoa na mistari kwa brashi ndogo.

Rangi ya baiskeli haina upole. Haichanganyiki kirahisi wala haikubali vivuli laini vya mwanga na giza. Mchoraji anayeitumia hulazimika kuamua: hapa nyekundu, hapa njano, mpaka ni huu. Kutokana na ukaidi wa rangi hiyo yalipatikana yale yanayozitambulisha picha zake, yaani umbo lililo wazi, ukingo usio na shaka na rangi zinazoita kutoka mbali. Umaskini wa vifaa ukawa mtindo. Na mtindo huo, kama tutakavyoona, ndio uliozifanya picha zake zifae kwa katuni miaka 40 baadaye.

Jambo jingine ni macho ya wanyama wake. Chui wa Tingatinga hukutazama. Hana ukali wa kutisha wala si pambo tupu. Anaonekana kama kiumbe aliyekuwapo kabla hujafika, naye anakushangaa wewe. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu ili aone atawaitaje. Kabla ya kutoa jina, Adamu alipaswa kutazama. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua aliyowaandikia wasanii mwaka 1999, alieleza kwamba msanii anashiriki kwa namna yake katika furaha ya Muumba aliyetazama kazi yake na kuiona ni njema. Hatujui kama Edward alifikiri hivyo. Ila alitazama kwa makini, na sisi tunaona matokeo.

Chini ya mti, Morogoro Stores

Picha zake aliziuza kwa bei ndogo nje ya maduka ya Morogoro Stores huko Oysterbay, ambako wageni na maofisa walikwenda kununua mahitaji. Zikapendwa. Baadaye shirika la umma lililoshughulikia kazi za sanaa lilianza kuzinunua na kuzitafutia soko, nayo Hospitali ya Muhimbili ikampa ajira ya uhudumu. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, nao wakajaliwa watoto wawili. Kwa mara ya kwanza tangu aache Tunduru, maisha yalianza kutulia.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko picha yoyote aliyoichora. Mtu aliyepata riziki baada ya kuhangaika miaka mingi angeweza kuifungia kabatini siri ya riziki yake. Edward aliwaita ndugu na jamaa waliokuwa wakitafuta maisha kama yeye, akawafundisha. Walikaa pamoja, wakajaza madoa kwenye picha zake, kisha wakachora zao. Majina yao yanajulikana: January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Omari Amonde. Yasome tena majina hayo. Wakristo na Waislamu walichovya brashi katika makopo yale yale, kama ilivyokuwa nyumbani alikozaliwa mwalimu wao.

Mwaka 1972

Kazi hiyo yote ilidumu miaka minne tu.

Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, Edward alikuwa ndani ya gari. Polisi walikuwa wakiwasaka wezi. Gari lile likadhaniwa kuwa ni la wezi wanaotoroka. Risasi zikafyatuliwa, na Edward Saidi Tingatinga akafa. Hakuwa mwizi. Alikuwa mhudumu wa hospitali, mchoraji, mume na baba, mwenye umri wa miaka 40 hivi.

Ndugu zangu, hapa tusipite haraka. Mtu aliyetumia miaka yake ya mwisho kutazama kwa makini alikufa kwa sababu hakutazamwa kwa makini. Waliomwua hawakumchukia na hawakumjua. Waliona gari, wakaona mtu ndani yake, wakaamua yeye ni nani kabla ya kujua. Kati ya kudhani na kufyatua hapakuwa na nafasi ya kuuliza swali hata moja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477 na 2478, inaliweka jambo hili chini ya amri ya nane. Inatufundisha kwamba anayekubali moyoni mwake, bila msingi wa kutosha, kuwa jirani yake ana kosa, hata kama hajasema neno, anatenda dhambi ya hukumu ya haraka. Inatuagiza kuyafasiri maneno na matendo ya wengine kwa upande mwema kadiri inavyowezekana, na pale tusipoelewa, tuulize. Wengi wetu husikia mafundisho haya tukafikiria umbeya wa mtaani. Kifo cha Tingatinga kinatuonyesha mwisho wa njia hiyo unaweza kuwa wapi.

Wala si jambo la mwaka 1972 peke yake. Kila mwenye kufanya shughuli Kariakoo anajua linavyokuwa neno moja likipigwa kelele katikati ya msongamano: mwizi! Kijana anakimbia, pengine ameiba, pengine anaogopa kipigo, pengine anawahi basi. Hakuna anayeuliza. Mkono wa kwanza unainuka, kisha mawe, na wakati mwingine tairi na mafuta. Miongoni mwa wanaopiga wamo waliotoka Misa asubuhi. Baadaye ikigundulika kwamba hakuwa yeye, umati umekwisha kutawanyika na kila mtu amerudi kwenye biashara yake. Hata kama alikuwa yeye, hakuna aliyepewa mamlaka ya kumuua kwa sababu ya simu. Amri ya tano haijaweka kando wezi.

Siku hizi umati huo umehamia pia kwenye simu zetu. Picha ya mtu inarushwa pamoja na maneno kwamba ni tapeli, ni mchawi, ni mwizi wa watoto. Kidole kilekile kilichotuma katuni ya tembo asubuhi kinaituma na hiyo mchana, bila kuuliza nani kaileta na kama ni kweli. Kuna mtu aliyeshindwa kurudi kwenye meza yake ya biashara kwa sababu ya picha ya namna hiyo.

Kutoka ubaoni hadi kwenye katuni

Baada ya mazishi, wanafunzi wa Edward wangeweza kutawanyika. Walibaki. Waliendelea kuchora palepale Morogoro Stores, wakawafundisha wengine, na hao wakawafundisha wengine tena, hadi mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika cha sanaa ya Tingatinga. Jina la marehemu likawa jina la mtindo. Picha zikasafiri hadi Denmark, Uswisi na Japani. Mamia ya familia zimesomesha watoto kwa madoa yaliyopakwa ubaoni.

Ndipo mwaka 2010 wanyama wale wakaanza kutembea. Kutengeneza katuni ni kazi ya subira: kila tendo dogo, kama tembo kuinua mkonga, hugawanywa katika hatua nyingi zinazofuatana haraka kiasi kwamba jicho linaona mwendo mmoja. Kwa kazi hiyo umbo lenye mpaka wazi na rangi bapa ni zawadi, kwa kuwa linaweza kukatwa viungo, kusogezwa na kurudiwa bila kupoteza sura yake. Vijana wa Kenya waliofanya kazi ile walikuta tatizo hilo limekwisha kutatuliwa na mtu wa Msasani, kwa kopo la rangi ya baiskeli.

Edward hakuwahi kuona hata kipindi kimoja. Na watoto wanaokitazama, wawe London au Manzese, wengi hawajui kwamba alikuwapo.

Yanayotupasa sisi

Kupenda katuni si dhambi, na kurushiana kitu kinachofurahisha ni tendo la urafiki. Mzazi anayekaa na mwanawe kutazama hadithi ya kobe amefanya vema kuliko yule anayemkabidhi simu na kuondoka. Lakini maisha ya ndugu yetu huyu yanatudai mambo matatu.

La kwanza, tulitaje jina la mtenda kazi. Amri ya saba inalinda jasho la mtu, na jina lake ni sehemu ya jasho hilo. Kabla ya kunakili kazi ya msanii na kuiuza, tujiulize kama yeye amepata haki yake. Na tunapomwonyesha mtoto chui mwenye madoa, tumwambie kwamba wa kwanza kumchora hivyo alikuwa mtu wa Tunduru aliyeitwa Edward Saidi, aliyeuza mboga katika mitaa ya jiji hili.

La pili, tugawane ujuzi kama yeye alivyogawana. Fundi cherehani, fundi simu na mpishi wa mama lishe: kila mmoja wetu ana kijana katika jumuiya yake anayeweza kukaa pembeni yake na kujifunza. Edward hakusubiri kutajirika ndipo afundishe.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, tutazame kabla ya kuhukumu. Maandiko Matakatifu yanasimulia jinsi nabii Samweli, alipotumwa nyumbani kwa Yese, alivyoonywa asiangalie umbo la nje, kwa kuwa Mungu huangalia moyo. Kelele ya mwizi ikipanda mtaani, Mkristo awe yule anayesimama kati ya kijana na jiwe, anayeuliza kuna nini, anayeita polisi, na anayedai polisi nao wafuate sheria. Huenda akatukanwa, hata kupigwa. Lakini ndani ya kijana yule anaweza kuwamo Edward mwingine, ambaye bado hajapata kopo lake la rangi. Na hata asiwemo, ndani yake imo sura ya Mungu, nayo yatosha.

Tunapowakumbuka marehemu wetu katika Misa na katika sala za jumuiya, tumkumbuke pia Edward Saidi Tingatinga, mwana wa mama Mkristo na baba Mwislamu. Tuwaombee na wale waliofyatua risasi siku ile, wakaishi na walichokifanya. Huruma ya Mungu iwapokee wote.